Shimo la Barabara ni Maji Yaliyokosa Njia

Kila mwaka tunapozunguka vijijini kabla ya mvua za Oktoba tunaulizwa swali lile lile: "Mbona sisi tunaziba mashimo kila mara, na kila mara yanarudi?" Swali hili ni zuri kuliko wanavyodhani wanaoliuliza. Shimo likirudi pale pale mara ya tatu, ni wazi kwamba tulichokiziba sicho kilichokuwa na shida.

Kwetu Ukambani jambo hili si la mchezo. Maembe yanaanza kuiva Desemba, yaani mara tu baada ya mvua kubwa za Novemba kumaliza kuharibu njia. Msimu wa mavuno na msimu wa barabara mbovu vinakutana mlangoni. Dalali anajua hivyo. Anakuja na pikapu yake, anatazama njia, anatikisa kichwa, kisha anataja bei ambayo mwenyewe anajua ni ya aibu. Mkulima atafanya nini? Embe halingoji. Wala hatujasema habari ya mama mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku wa mvua, na kijana wa bodaboda anamwambia mumewe, "Mzee, ile teremko ya kwa mto siwezi, tutaanguka sote." Kwa hiyo tumeonelea toleo hili tulizungumzie shimo, linatoka wapi, sisi kwa mikono yetu tunaweza nini, na ni kazi gani tusiibebe kwa sababu ina mwenyewe na imelipiwa.

LINATOKA WAPI

Udongo mkavu ulioshindiliwa vizuri unabeba lori lenye mzigo na hausongi. Udongo ule ule ukilowa unakuwa kama uji. Hapo hata wilibaro itaacha alama. Basi adui wa barabara ya udongo si lori kwanza, ni maji. Lori linamalizia tu kazi ambayo maji yameanza.

Barabara nzuri ya udongo haiko sawasawa kama meza. Katikati imeinuka kama mgongo wa ng'ombe, ili tone la mvua likianguka liteleze kando mara moja. Kando kuna mtaro. Mtaro nao haubebi maji mpaka mwisho wa dunia. Kila baada ya mwendo mfupi unatoa mkono na kuyamwaga mbali na barabara. Mahali maji yanapolazimika kuvuka, yanapita chini ndani ya kalvati. Ni hayo tu: mgongo, mtaro, mkono, kalvati. Kimoja kikifa, vingine vinafuata.

Angalia inavyotokea. Magurudumu yanapita pale pale kila siku na mgongo unalala. Zinabaki njia mbili za magurudumu. Mvua inanyesha, maji hayatelezi tena, yanasimama katika njia hizo. Gurudumu likipita linayapiga maji, maji yanaruka na kuchukua udongo laini. Kwa hiyo kila gari linalopita linachimba kidogo. Baada ya wiki mbili una bakuli, baada ya mwezi una karai, na Desemba una bwawa la bata. Hata barabara ya lami inaharibika kwa njia hiyo hiyo. Ufa mdogo unaachwa bila kuzibwa, maji yanapenya chini, udongo wa chini unalainika, lami inakosa pa kukalia na inabanduka vipande.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitazami. Barabara nyingi za vijijini siku hizi ziko chini kuliko shamba la kulia na shamba la kushoto. Kila mwaka greda inapita, inakwangua, inasukuma udongo kando, na haifungui mtaro hata mmoja. Wananchi wanapiga makofi kwa sababu njia inapendeza. Mwaka wa pili inakwangua tena. Baada ya miaka kumi barabara imekuwa mto, maana maji ya mashamba yote yanashuka humo. Greda bila mitaro ni kunyoa tu, si kutengeneza.

MALORI MANNE YA MURRAMU

Kikundi kimoja cha mwethya tunachokifahamu, cha akina mama ishirini na wawili na wanaume wachache, kilichoka kungoja. Walichukua akiba ya miezi saba ya meri-go-raundi wakanunua murramu malori manne. Wakamwaga katika teremko moja lililokuwa limeshindikana. Wakasambaza kwa majembe, wakaimba, wakapika githeri, na siku hiyo kila mtu alienda nyumbani na furaha. Ilikuwa mwanzo wa Oktoba. Kufikia katikati ya Novemba ile murramu yote ilikuwa imelala chini bondeni, katika shamba la jirani, juu ya pojo zake. Barabara ilikuwa na makorongo kuliko zamani, na jirani alikuwa anataka kulipwa.

Tulipokwenda kuangalia, tulikuta kalvati juu ya teremko limezibwa na udongo pamoja na matawi mpaka huwezi kuingiza mkono. Maji ya upande wa juu wote, yaliyopaswa kuvuka pale chini kwa chini, yalikuwa yakipanda juu ya barabara na kushuka nayo. Kulizibua lile kalvati kuliwachukua watu wanane asubuhi moja. Hawakununua kitu. Hatusemi hivi ili kuwacheka wenzetu, ambao walifanya kwa moyo kuliko wengi wetu. Tunasema kwa sababu fedha za kikundi ni jasho, na malori manne ni karo ya watoto wangapi?

KAZI INAANZA CHINI

Watu wakija na majembe, kila mmoja anakimbilia shimo, maana shimo linaonekana. Lakini shimo liwe la mwisho.

Kwanza tembeeni njia yote mkiwa wachache, hasa siku mvua inanyesha au imekatika sasa hivi. Maji yenyewe yatawaonyesha yanakoingia barabarani na yanakokwama. Wekeni vigingi hapo. Halafu siku ya kazi anzieni upande wa chini, pale maji yanapotokea, mkipanda juu. Ukifungua juu kabla ya chini, unaleta mafuriko mahali ambapo hapajawa na mlango. Kwa kalvati pia ni hivyo: fungua mdomo wa kutokea kwanza, kisha mdomo wa kuingilia.

Mikono ya kumwagia maji ichimbwe kwa mshazari, ikifuata maji yanakoelekea, wala isikate mtaro kama msalaba. Mahali panaporuhusu, kila mita 20 hadi 50 pawe na mkono mmoja. Ikiwa midogo na mingi ni bora kuliko mmoja mkubwa, kwa sababu maji machache hayana nguvu ya kuchimba korongo. Penye mlima mkali, mtaro wenyewe unataka vizuizi vidogo vya mawe au vijiti ili maji yashuke kwa ngazi. Teremko likiwa kali sana, hata kila mita 5 wekeni kimoja. Kizuizi kiwe na shimo katikati, yaani kiwe chini katikati na juu kando. Ukikifanya sawasawa kama ukuta, maji yatazunguka kando na kula barabara.

Mgongo unapimwa kwa kamba na pimamaji, kile kile kifaa mnachotumia kupima matuta ya fanya juu. Katika njia yenye upana wa mita 5 na nusu, katikati pawe juu kuliko ukingo kwa sentimita 15 hadi 20. Mkiona mgongo umelala, chukueni udongo uliotolewa mitaroni ikiwa ni mgumu wenye changarawe, mrudishe katikati. Ukiwa ni tope jeusi au udongo wenye majani na mizizi, mtupe mbali. Huo hautashindilika kamwe.

SASA MAJI YAENDE KWA NANI?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapovunjika, na hapa tunaomba msomaji asisome haraka.

Mkono wa kumwagia maji lazima umalizikie mahali, na mahali hapo ni shamba la mtu. Mtu huyo amekwisha kuona korongo kwa jirani, kwa hiyo anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Usiku anakuja na jembe anaziba. Wengine wanapanda nepia ndani ya mtaro, wengine wanalima mpaka ukingo wa barabara, wengine wanajaza mtaro udongo ili gari liingie getini. Mnaporudi baada ya mwezi mnakuta kazi yote imefutwa, na maneno yanaanza: "Ni yule mzee. Yule hapendi maendeleo."

Tulikaa katika mkutano mmoja wa namna hiyo. Mama mwenyekiti alianza vizuri: "Mzee, sisi hatukuja kukusumbua, tumekuja tuombe njia ya maji." Mzee akajibu, "Mama, maji hayo ni ya watu wote. Mbona yakija kwangu yawe yangu peke yangu?" Pakawa kimya. Maana alikuwa amesema kweli. Barabara inamfaidi kila mtu, lakini maji ya barabara yanaangukia mmoja.

Kilichomaliza ubishi ule hakikuwa kumlaumu mzee. Kikundi kilikubali mambo matatu mbele ya mzee wa kijiji: maji yatagawanywa kwa mikono minne badala ya mmoja, wawili kwake na wawili upande wa pili, kikundi kitamchimbia mashimo ya migomba na tuta la kupokea maji, kazi ya siku moja, na yakitokea madhara, kikundi kitarudi kurekebisha. Wakaandika, wakatia sahihi. Msimu ule maji yaliyokuwa adui yalinywesha ndizi.

Jambo hili si la kubuniwa na sisi. Katika kaunti za Makueni na Kitui wako wakulima wengi wanaoyaelekeza maji ya barabara kwenye matuta yao, mashimo ya ndizi na vidimbwi, kwa sababu katika nchi kame maji ya mvua moja kubwa ni mali. Tuta la fanya juu ambalo mama zetu walilichimba kwa mwethya linaweza kupokea maji ya barabara, mradi yaingie polepole na yawe na mahali pa kutokea yakizidi. Kwa hiyo msimwendee mwenye shamba kama mtu wa kushindwa. Mwendeeni kama mtu mnayempelekea kitu, na mwende kabla ya kuchimba.

KUZIBA SHIMO LENYEWE

Sasa maji yana njia, shimo linaweza kuzibwa likakaa. Toeni maji na tope lote mpaka mfike penye udongo mgumu. Kateni kingo ziwe wima na shimo liwe na pembe nne kama kaburi dogo, maana kingo za mteremko kama za bakuli zinarusha kiraka nje. Nyunyizieni maji kidogo. Jazeni murramu kwa tabaka lisilozidi sentimita 10, shindilieni, kisha tabaka jingine. Udongo uwe na unyevu wa kiasi. Ukiufinya mkononi ushikane kama tonge, lakini usitoe maji kati ya vidole. Tabaka la mwisho lizidi kidogo usawa wa barabara, sentimita mbili au tatu, kwa kuwa magari yatalilaza.

Kushindilia kunataka chombo kizito. Kipande cha gogo gumu chenye mpini, au mkebe uliojazwa saruji na kutiwa bomba, kinatosha. Miguu ya watoto wa shule haitoshi. Mawe makubwa msitie. Jiwe halikai na udongo, maji yanapita kandokando yake, na baada ya mwezi jiwe limebaki peke yake juu likivunja springi za watu.

Penye matope yasiyoisha, kwa mfano chini bondeni, kuna njia ambayo wataalamu kutoka Japani walileta Kenya na vikundi kadhaa vimefundishwa. Wanaiita do-nou. Magunia yale ya plastiki yanajazwa changarawe au murramu kwa kipimo kimoja, kwa mfano kwa ndoo, yanafungwa mdomo, yanapangwa yakibanana kama matofali ndani ya sehemu iliyochimbwa, yanashindiliwa mpaka yawe bapa, kisha yanafunikwa kwa murramu. Gunia linauzuia udongo usikimbie kando ukibebeshwa uzito. Kufunika ni lazima, kwa kuwa jua linaoza gunia la plastiki upesi. Hata hivyo magunia bila mtaro ni yale yale malori manne.

Mambo mengine msiyaguse. Daraja, drifti ya mto wa mchanga na kalvati lililobomoka ni kazi ya mhandisi. Hatujasahau tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na wageni wa harusi lilipochukuliwa na maji ya Mto Enziu huko Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Mahali pa namna hiyo kazi yenu ni kuandika barua, na kumzuia dereva asivuke.

Kando ya hayo tuseme neno juu ya vijana wanaojaza mashimo kisha kufunga kamba barabarani wakidai pesa kwa kila gari. Njaa yao tunaielewa. Lakini mwenye kulipwa kwa shimo hatataka liishe, na tumesikia mahali ambapo lililozibwa mchana lilifukuliwa usiku. Kikundi kisijiingize huko.

BARABARA HII NI YA NANI?

Watu wetu wakiona shimo wanamtukana diwani, yaani MCA. Pengine hana hatia, pengine anayo. Inategemea.

Mwaka 1999 ilipitishwa sheria ya Bodi ya Barabara, na mwaka 2007 sheria nyingine ikaunda mashirika matatu: KeNHA la barabara kuu, KeRRA la barabara za mashambani, na KURA la mijini. Halafu ikaja Katiba ya 2010, ikasema barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Mwaka 2016 barabara zote zikapangwa upya katika gazeti rasmi la serikali, jumla karibu kilomita 161,000, na kati ya hizo karibu kilomita 121,000 zikawa za kaunti. Kwa ufupi, daraja la S, A na B ni za KeNHA, daraja la C ni la KeRRA, na kuanzia D kushuka ni za kaunti. Njia yenu ya kijiji kwa kawaida ni ya kaunti. Lakini KeRRA bado wanafanya kazi katika barabara nyingi ambazo kaunti inasema ni zake, na ndipo mwananchi anapozungushwa: huku anaambiwa nenda kule, kule anaambiwa rudi huku.

Fedha nazo zina mvutano wake. Kila lita ya petroli au dizeli ina ushuru wa kutengeneza barabara. Ushuru huo ulianzishwa kwa sheria ya 1993. Kuanzia 2016 ulikuwa shilingi 18, na Julai 2024 ukapandishwa hadi shilingi 25. Bodaboda anayetia lita 3 kwa siku analipa shilingi 75 za barabara kila siku. Akifanya kazi siku 25, ni shilingi 1,875 kwa mwezi, kijana mmoja! Na mama anayempa nauli ndiye anayemrudishia. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba barabara ni msaada. Mwaka 2025 serikali iliamua shilingi 7 katika hizo 25 zitumike kulipa madeni ya makandarasi. Tena magavana na wabunge wamegombania sehemu ya kaunti, shilingi bilioni 10.5 za mwaka wa fedha 2024/25, mpaka mahakamani. Ndovu wawili wakipigana, sisi ndio tunaolala juu ya nyasi hizo.

BARUA INAYOJIBIWA

Barua nyingi tulizoonyeshwa zinasema, "Barabara yetu ni mbaya sana, tunaomba mtusaidie." Afisa anaisoma, anaiweka na nyingine mia moja. Andikeni hivi: jina la barabara na namba yake kama mnaijua, inaanzia wapi na kuishia wapi, makalvati mangapi yamezibwa au kuvunjika na yako karibu na nini, korongo lina kina gani (pimeni kwa fimbo), shule na zahanati zipi zinaitegemea, kikundi kimefanya nini tayari kwa mikono yake, na mnaomba kitu gani kimoja. Kalvati moja la sehemu fulani linaweza kupatikana. "Barabara nzima" ni ndoto. Pelekeni nakala mbili kwa msimamizi wa wadi na idara ya barabara ya kaunti, au ofisi ya KeRRA ikiwa ni yao. Moja wabaki nayo, moja igongwe muhuri na kuandikwa tarehe, mwende nayo. Karibu kila kikundi kinachotuambia "tuliandika" hakina ile yenye muhuri.

Kama hamjui ni ya nani au fedha zake zilienda wapi, ulizeni kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Akinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Tena sheria ya kaunti ya 2012 inampa kila mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti.

Wakati wa kusema nao una umuhimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Anayekuja kulia Novemba, matope yakiwa magotini, anakuta pesa zimekwisha kupangwa. Mikutano ya wananchi kutoa maoni inaitwa kabla ya tarehe hizo. Mara nyingi wanaohudhuria ni wale wale wachache, na wanataja viwanja vya mpira. Kikundi kitume watu watatu wenye karatasi moja, wote wakiomba kalvati lile lile.

KAZI YA BURE NA KAZI YA KULIPWA

Wazee wanakumbuka. Kuanzia 1974 serikali ilikuwa na mpango wa barabara za mashambani zilizojengwa kwa majembe na wenyeji waliolipwa, na kufikia miaka ya 1980 zilikuwa karibu kilomita 8,000. Kila kipande cha kilomita moja na nusu au mbili kilikuwa na mtunzaji wake, mara nyingi mtu wa pale pale aliyeijenga. Alifanya kazi siku chache kwa juma, alikuwa na wilibaro, jembe na fyekeo, na alilipwa. Mtaro ukiziba asubuhi, jioni umefunguliwa. Fedha za kuwalipa zilipokosekana, mitaro ilijaa.

Tunakumbusha hili kwa sababu tunaogopa jambo moja. Mwethya ni urithi mzuri, lakini tukitazama ni nani wanaokuja siku ya barabara, ni akina mama, na wengine wana watoto mgongoni. Kwa maoni yetu kikundi kinaweza kutoa siku mbili kabla ya mvua za Oktoba na siku mbili kabla ya zile za Machi, kwa kufungua makalvati na mikono ya maji. Kazi ya kila juma mwaka mzima ni kazi ya mshahara, na mshahara huo umekwisha kulipwa pale kwenye pampu. Ombeni kaunti irudishe watunzaji. Vikundi vya vijana na vya akina mama vilivyosajiliwa vinaweza pia kujiandikisha katika mpango wa AGPO, ambao tangu 2013 unavitengea asilimia 30 ya zabuni za serikali pamoja na watu wenye ulemavu. Kwa kandarasi za barabara mtahitaji vilevile cheti cha NCA. Ni karatasi nyingi, hatudanganyi, na ofisi yetu itawasaidia kuzijaza.

Kwa vikundi vitakavyotembea njia zao mwaka huu: kamba za kupimia, pimamaji na vishindilio viwili viko katika ofisi ya maendeleo ya kila parokia, na vinaazimwa kwa siku tatu. Mwekahazina atie sahihi. Mwaka jana pimamaji mbili hazikurudi, na tunajua ziko wapi.